Tendaguru Si Mjusi Mmoja

Watanzania tunaofika Museum für Naturkunde hapa Berlin huenda moja kwa moja kwa yule mkubwa. Simlaumu mtu. Dinosaria huyo, Giraffatitan, ana kimo cha mita 13.27, zaidi ya mara mbili ya twiga, na mifupa yake ilitoka kilima cha Tendaguru, Lindi. Lakini aliyemtazama yeye peke yake hajaijua Tendaguru.

Miaka ipatayo milioni 150 iliyopita waliishi pale dinosaria wa kila kimo. Ukumbini humo humo yumo Dicraeosaurus, mwenye shingo fupi kuliko jamaa zake. Yumo pia Kentrosaurus, ambaye mimi humtazama kwa muda mrefu zaidi. Ana urefu wa mita 4 au 5 tu. Shingoni na mgongoni mwake yamepangwa mabamba ya mfupa, na kadiri unavyoelekea mkiani mabamba yanachongoka na kuwa miiba mirefu. Yeye alikula mimea ya chini, Giraffatitan akachuma ya juu kabisa, kwa hiyo waliweza kuishi eneo moja. Walikuwapo hata mamalia wadogo kama panya, tunaowajua kwa vipande vya taya na meno.

Yule mkubwa aliwezaje kuubeba mwili wake? Pingili za shingo zilikuwa na vyumba vya hewa vilivyopunguza uzito. Tena hakutafuna, alichuma majani akameza, hivyo kichwa kidogo kilimtosha.

Mifupa ya wanyama hawa wote ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji. Mamia ya wenyeji walichimba, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Viongozi wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig, walisifiwa mapema. Boheti bin Amrani, mnyapara mkuu wa uchimbaji, alisubiri hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Suala la kurudisha mabaki haya Tanzania limefika hata bungeni, na mara nyingi hutajwa "mjusi mkubwa" tu. Tunapodai, tuwadai wote: Kentrosaurus, Dicraeosaurus, vile vimeno vya mamalia, pamoja na kumbukumbu za waliochimba na kubeba.