Jina la Mtoto ni Amana

Na mwalimu mstaafu, Rinkeby



Ndugu wasomaji, Ijumaa moja katika msimu wa baridi uliopita, binti niliyemlea alikuja kututembelea baada ya kazi. Watoto wake walikimbilia jikoni kwa bibi yao, naye akabaki nami sebuleni. Akatoa mkobani kitabu kinene cha picha, akakiweka mezani. "Mjomba," akaniambia, "hiki kisome peke yako, kisha tuzungumze."

Wanaotufahamu watashangaa kwamba binti huyu ananiita mjomba, kwa kuwa miaka mingi walimsikia akiniita baba. Sababu yake nitaieleza hapa chini, kwani ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kitabu chenyewe kinaitwa Palimpsest, na kilitoka hapa Uswidi mwaka 2016. Mtungaji wake ni mchoraji Lisa Wool-Rim Sjöblom, aliyezaliwa Korea ya Kusini, akaletwa Uswidi angali mdogo, akalelewa na wazazi wa Kiswidi waliomuasili, yaani waliompata kisheria kuwa mtoto wao. Ni kisa cha maisha yake, alichokisimulia kwa picha na maneno. Si kitabu cha watoto, japo picha zake ni nyepesi, za rangi ya udongo na karatasi kuukuu. Baina ya picha hizo amechora pia barua na hati: fomu, mihuri na majibu ya maofisa. Msomaji humfuata mwanamke huyu akibisha hodi mlango baada ya mlango, akiuliza swali moja tu: mimi ni mtoto wa nani?

Karatasi zake zilimwandika kuwa ni yatima. Alipokuwa mama yeye mwenyewe ndipo alipoanza kuzichunguza kwa bidii, akagundua kwamba hazisemi kweli. Mama aliyemzaa alikuwa hai.

Neno palimpsest ni la wataalamu wa maandiko ya kale. Zamani ngozi ya kuandikia ilikuwa adimu, kwa hiyo maandishi ya kwanza yalikwanguliwa na mengine yakaandikwa juu yake. Lakini ya mwanzo hayakutoweka kabisa, mwenye macho makini aliweza kuyasoma chini ya yale mapya. Sisi tuliosomeshwa chuoni kwa ubao na wino hatuhitaji kamusi. Aya ya jana ilioshwa kwa maji ili ya leo iandikwe, na bado ubao ukiukabili mwangaza uliiona ya jana imesalia kama kivuli. Ndivyo alivyo mtoto aliyebadilishwa jina.

Kwa nchi hii, jambo hilo si la mtu mmoja. Tangu miaka ya 1950 zaidi ya watoto 60,000 kutoka ng'ambo wameasiliwa Uswidi, na Korea ya Kusini peke yake imeleta maelfu. Wamo pia ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Mpishi mashuhuri Marcus Samuelsson alizaliwa Ethiopia, mama yake akafariki kwa kifua kikuu, naye na dada yake wakalelewa Göteborg. Alikuwa mtu mzima alipopata habari kwamba baba yake yu hai Ethiopia.

Mwaka 2021 serikali ya Uswidi iliunda tume ya kuchunguza jambo hili, chini ya Profesa Anna Singer. Ripoti yake ilikabidhiwa tarehe 2 Juni 2025. Tume ilikuta watoto waliotolewa bila ya ridhaa ya kweli ya wazazi wao, na karatasi zenye habari zisizo sahihi. Ilithibitisha pia matukio ya biashara ya watoto katika kila mwongo tangu miaka ya 1970 hadi ile ya 2000. Ikapendekeza kwamba uasili wa watoto kutoka nje ukomeshwe, na kwamba dola iwaombe radhi walioathirika. Mwezi Machi mwaka huohuo tume ya ukweli ya Korea ya Kusini nayo ilikwisha kueleza jinsi watoto wenye wazazi walivyoandikwa kuwa mayatima. Nchi za kwetu zilishtuka mapema zaidi: Kenya ilisimamisha uasili wa watoto kwenda nje mwaka 2014, na Ethiopia ikaupiga marufuku mwaka 2018.

Tuwe waadilifu: wengi katika wazazi wa Kiswidi waliwalea watoto hao kwa mapenzi ya kweli, na wala hawakujua kwamba karatasi walizopewa zilikuwa za uongo. Lakini mapenzi yao hayakuweza kumrudishia mtoto alichopotezewa.

Baada ya habari hizo nimewasikia Waislamu wenzangu, msikitini na katika maduka ya Rinkeby, wakisema: "Alhamdulillahi, sisi hatuna mambo hayo. Sisi hulea watoto wa ndugu zetu wenyewe." Nami niliwahi kusema hivyohivyo. Nilipokifunga kitabu kile usiku wa Ijumaa ile, sikuweza kusema tena.

Dada yangu alifariki Pangani kwa uzazi mwaka 1991, akaacha kitoto cha kike. Mumewe, fundi wa majahazi, aliugua akamfuata mwaka uliofuata. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekwisha kuhamia Stockholm, ambako nilikuwa nikisomesha watoto Kiswahili mashuleni. Mwaka 1993 tukamleta yule mtoto, akiwa na umri wa miaka miwili, akaingia baina ya wanangu watatu wa kiume. Karatasi zote zilikuwa halali, na jina la baba yake lilikuwemo. Mke wangu alishauri tangu mwanzo kwamba tumweleze mtoto ukweli kadiri anavyokua. Mimi ndiye niliyekataa. Nilijiambia kwamba ni huruma, asijione yatima miongoni mwa wenye baba. Leo nakiri kwamba ilikuwamo pia hofu yangu mwenyewe: nilidhani asiponiita baba atanipenda kidogo.

Alipoanza shule aliniuliza mbona jina lake halifanani na la kaka zake. Nikamjibu kwamba waandishi wa ofisini walikosea, na kusahihisha ni taabu. Yazingatieni hayo, wasomaji. Katika kitabu cha mchoraji, karatasi ilidanganya na mtoto akaitafuta kweli. Nyumbani kwangu karatasi ilisema kweli, nami, mwalimu mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaiita ya uongo. Na chuoni alikojifunza Qur'ani nikamwandikisha kwa jina langu. Alipohitimu Juzuu Amma akapewa cheti kizuri cha maandishi ya dhahabu, kinachosema kwamba yeye ni binti yangu.

Njia ya mwongo fupi. Mwaka 2007, akiwa na miaka 16, alipekua kabati kutafuta pasipoti yake akakuta cheti chake cha kuzaliwa kutoka Tanzania. Akaja nacho mkononi, akauliza: "Hawa wamezikwa wapi?" Nikamwambia, Pangani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza la pili: "Nani huwaombea dua?"

Swali hilo halijaniondoka hadi leo. Sote tumefundishwa kwamba mja akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na mojawapo ni mtoto mwema anayemwombea. Marehemu wale walikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na kwa miaka 14 mimi niliwanyima dua yake. Miezi mingi baadaye binti hakuniita kwa jina lolote, si baba wala mjomba. Alisema "wewe" tu, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Kabla ya utume Mtume Muhammad (S.A.W.) alimwacha huru Zaid bin Haritha akamfanya mwanawe, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Kisha ikateremka Suratul-Ahzab, na katika aya ya 4 na ya 5 tukaamrishwa kuwaita watoto kwa baba zao. Zaid akarejea kuwa mwana wa Haritha. Je, alipungukiwa na mapenzi? Kila aliyesoma Sira anajua kwamba aliendelea kuwa kipenzi cha Mtume, akapewa uongozi wa majeshi, na ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina katika Qur'ani. Mtume mwenyewe alikuwa yatima aliyelelewa na babu yake Abdulmuttalib na kisha ami yake Abu Talib, na kamwe hakuacha kuitwa mwana wa Abdullah.

Hiyo ndiyo kafala: mtoto hulishwa, huvikwa, husomeshwa na hupendwa, na nasaba yake hubaki pale ilipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na vifungu vya 7 na 8 vinalinda haki ya mtoto kuwajua wazazi wake na kubaki na jina lake. Mkataba huo umekuwa sheria ya Uswidi tangu tarehe 1 Januari 2020. Zanzibar imeitambua kafala katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na Kenya katika sheria yake ya mwaka 2022. Hapa Uswidi kuasili hukata uhusiano wa kisheria baina ya mtoto na wazazi wa kwanza. Hata hivyo ipo njia nyingine: mahakama yaweza kumteua mtu kuwa mlezi wa kisheria wa mtoto aliyefiwa, bila ya kuigusa nasaba yake.

Pengine mtaniuliza, madhara yako wapi ikiwa mtoto amelelewa vyema? Yako matatu ya wazi. La kwanza ni mirathi: mtoto wa kulea hamrithi mlezi wake, ila mlezi aweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali, na asipoelezwa hali halisi hatajua hata haki yake katika mirathi ya wazazi wake. La pili ni umahramu: wanangu wa kiume ni mabinamu wa binti huyu, si ndugu zake. Laiti mke wangu angemnyonyesha katika miaka miwili ya mwanzo wangekuwa ndugu wa ziwa, lakini alikuja umri huo umekwisha kupita. La tatu ni ndoa: katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, mjomba si walii. Kama siri ile ingedumu, ningalikaa mbele ya kadhi nikamwozesha binti ambaye sikuwa na mamlaka ya kumwozesha.

Kwa hiyo nawausia wenzangu wanaolea watoto wa jamaa zao. Mwambieni mtoto mapema, kwa maneno madogo, angali mdogo, ili asije akakumbuka siku ya kuambiwa. Wekeni nyumbani picha za wazazi wake. Mfundisheni majina yao pamoja na Alhamdu, na awaombee kila baada ya swala. Akiagizwa shuleni achore mti wa ukoo, mpeni matawi yote. Chuoni aandikwe kwa jina la baba yake. Na kama yupo aliyemwandikisha mpwa wake serikalini kuwa mtoto wa kuzaa ili safari iwe nyepesi, basi atafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kufanya lolote, lakini asiufanye uzito wa karatasi kuwa kisingizio cha kumficha mtoto nyumbani.

Tulikwenda Pangani mwaka 2008, mimi na yeye. Tulifika makaburini asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ami yake, mdogo wa baba yake, alituonyesha mahali. Binti akasoma Yasin yote kwa sauti, kwa hifdhi aliyoipata katika chuo kilekile nilichomwandikisha kwa jina lisilo lake. Tulipokuwa tukirudi mjini, kwa mara ya kwanza akaniita mjomba. Nilidhani neno hilo lingeniuma. Halikuniuma.

Mwaka 2015 aliposwa, ami yake, aliye walii wake, alinipa uwakala wa kumwozesha kwa niaba yake. Hivyo nilikaa mbele ya imamu nikamtaja kwa jina lake na la marehemu baba yake, na wote waliohudhuria wakasikia.

Jumapili iliyofuata Ijumaa ile nilimrudishia kitabu chake. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia kwamba yule mama wa Kikorea alihangaika nchi mbili kuutafuta ukweli ambao wewe ulikuwa nao kabatini, hatua kumi kutoka kitandani pako, na aliyekuzuia ni mimi. Akasema, "Nilitaka ulione hilo." Kisha akawaita wanawe, akaomba kile cheti cha zamani cha maandishi ya dhahabu. Nikamletea. Akawasomea jina lililomo, akawaeleza kwa nini si sahihi, na babu yao wa kweli alikuwa nani. Mdogo wao akauliza kama babu huyo alijua kuunda jahazi. Nikamjibu kwamba alijua sana, nikaanza kumsimulia.

Wabillahi tawfiq.