Motokari ndogo na remorke: uliza kwanza kama itasimama



Mvua ikikwisha, tangu mwezi wa nne, mahindi yanaanza kutoka mashambani, na kila mwenye motokari ndogo hapa Likasi anatafuta remorke. Mmoja anaazima, mwingine anakodi, wa tatu anamwomba fundi wa kartiye amchomelee moja kwa ekseli ya motokari iliyokufa. Na wale wanaokusanya franga ili kununua motokari wanaulizana neno moja tu: "Ina nguvu ya kuvuta?"

Swali hilo si baya, lakini lisiwe la kwanza. Karibu kila motokari itavuta kilo 500 ukiiendesha polepole. Wewe uliza kwanza: ikishavuta, itaweza kusimama?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua motokari yenye uzito wa karibu kilo 1,000 ikiwa tupu, kama zile Toyota Ist tunazoziona kila siku. Ukiwa ndani peke yako, freni zinazuia kilo 1,070. Sasa ingiza watu wazima watano, tuseme kilo 350. Funga nyuma remorke ya kilo 200, pakia mifuko 6 ya simenti ya kilo 50. Jumla imefika kilo 1,850, na remorke zetu nyingi hazina freni hata moja. Magurudumu manne ya motokari ndiyo peke yake yanayofanya kazi ya kusimamisha vyote. Zile kilo 500 za nyuma zinasukuma tu. Ongeza na mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 80, mzigo wa freni unazidi kwa zaidi ya robo tatu. Mwendo umeongezeka kidogo, lakini freni zinalia.

Ulaya watu wengi wanavuta karavani, ile nyumba ndogo yenye magurudumu ya kulala safarini, na ajali zimewafundisha. Huko remorke isiyo na freni haitakiwi kuzidi nusu ya uzito wa motokari, wala kupita kilo 750 hata kama motokari ni nzito sana. Na kama mtengenezaji ametaja uzito mdogo zaidi, basi huo ndio unaofuatwa. Shika kipimo hicho hata hapa kwetu. Motokari ya kilo 1,000 isivute zaidi ya kilo 500, remorke na mzigo pamoja. Mfuko wa saba wa simenti ubaki dukani, utaurudia kesho.

Sasa ukienda kununua, usitazame rangi. Kama motokari imetoka Ulaya, fungua mlango au kifuniko cha moteri, utafute kibao cha chuma chenye safu za kilo. Safu ya kwanza ni uzito wa motokari ikiwa imejaa. Ya pili ni uzito wa motokari na remorke pamoja. Toa ya kwanza katika ya pili, utajua mtengenezaji anakuruhusu kuvuta nini, lakini kwa remorke yenye freni zake. Kama hakuna safu ya pili, angalia kitabu chake. Motokari nyingi ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani hazina hesabu hiyo, kwa sababu huko si desturi kuvuta remorke kwa motokari za namna hiyo. Usidanganywe na pete ya chuma iliyo chini yake. Pete ile ni ya kuitoa kwenye matope au kuifunga ndani ya meli. Kufunga remorke hapo ni kutafuta kilio.

Kisha lala chini utazame nyuma, fasi chuma cha kuvutia kitakapofungwa. Ukikuta kutu inayobonyea kwa bisibisi, au mahali palipochomelewa upya na kupakwa rangi nyeusi, rudisha franga zako mfukoni.

Kuhusu moteri, kumbuka tunakaa juu. Likasi iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja katika mia kwa kila mita 100 za kupanda. Basi moteri iliyoandikwa farasi 80 huku kwetu inabaki na kama 70. Ndiyo maana moteri ya lita moja inayokwenda vizuri sokoni inakosa pumzi kwenye mlima, maji yanachemka, na kamyo za nyuma zinakusanyika zikipiga honi. Tafuta lita 1.5 au zaidi, na vitese vya mkono. Gia za kujibadilisha za motokari ndogo zinapata joto haraka zikivuta, na kuzitengeneza ni bei ya motokari nyingine. Jaribu pia ambreyaji kwenye mwinuko: moteri ikiongeza kelele bila motokari kuongeza mwendo, ambreyaji imekwisha.

Nasema wazi: kwa mtu wa shamba, pikapu nzee yenye freni nzima ni bora kuliko motokari nzuri yenye remorke. Mzigo uko juu ya magurudumu yenye freni, na hakuna kitu kinachotikisika nyuma.

Kama umeshika remorke hata hivyo, jua kuipakia. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Ukiuweka nyuma, remorke inainua mkia wa motokari na kuanza kucheza kushoto na kuume kama nyoka, na ukikanyaga freni kwa hofu inakupindua. Weka mizani ya kupimia watu chini ya ncha ya mkono wa remorke, juu ya kipande cha mti: kwa remorke ya kilo 500 isome kati ya 25 na 35. Usizidishe pia, maana mkia ukilemewa magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na kwenye udongo mwekundu wenye maji usukani hausikii.

Makala yanadanganya wengi. Ni mepesi, basi watu wanayapanga hadi juu ya kichwa cha mtu. Lakini upepo haujali wepesi. Katika njia ya Lubumbashi, zile kilomita 120 hivi, kamyo za shaba na za asidi zikikupita zinasukuma hewa kama ukuta. Mzigo usipite paa la motokari. Ukiwa na usukani wa kuume, mambo ni mabaya zaidi: sisi tunapita upande wa kuume wa njia, kwa hiyo huoni mbele ya kamyo mpaka umetoka nusu nzima, nawe sasa una urefu wa motokari mbili. Kaa nyuma yake. Utafika.

Mama, hili ni lako pia: mtoto asipande juu ya mifuko. Si kwa kilomita mbili, si kwa sababu motokari imejaa. Apande gari la abiria, au mifuko ibaki. Baba akinuna, na anune.

Kabla ya kuondoka hakikisha tufe la chuma na kikombe chake ni vya kipimo kimoja, mnyororo wa pili umefungwa, taa nyekundu zinawaka. Kwenye mteremko ingiza vitese vya chini kabla ya kushuka. Baada ya kilomita 10 simama, kaza kamba, kisha sogeza mkono karibu na katikati ya kila gurudumu la remorke. Ukisikia moto, rulema zake zinakufa. Usiendelee na safari. Shusha mzigo hapo hapo, uite fundi.