Upepo wa Jua: Ni Kitu Gani, na Je, Tuzime Simu Usiku?

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake. Amma ba'ad:

Kila baada ya muda husambaa katika simu ujumbe kwamba usiku wa leo miale hatari itapita karibu na dunia, na atakayelala karibu na simu yake atadhurika. Familia huingiwa na hofu, na wako wanaouliza kama hizo ni alama za Qiyama. Ili tujibu, kwanza tuelewe jua linatoa nini.

Jua halitoi mwanga na joto pekee. Tabaka lake la nje, linaloonekana kama taji jeupe jua linapopatwa lote, lina joto linalozidi nyuzi 1,000,000, na hali uso wake una nyuzi 5,500 hivi. Kwa joto hilo atomu huvunjika zikawa elektroni na protoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Chembe hizo huenda mbio kiasi cha kuushinda mvuto wa jua, zikamiminika pande zote, usiku na mchana. Huo ndio upepo wa jua, na nyota nyengine nazo zina upepo wao.

Mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 8 hivi. Upepo wake huenda kiasi cha kilomita 400 kwa sekunde, kwa hivyo huchukua kama siku 4. Mwanasayansi wa Marekani, Eugene Parker, aliueleza mwaka 1958 na wengi wakampinga. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2, kikiwa njiani kuelekea Zuhura, kiliupima upepo huo.

Kwa nini basi hautuunguzi? Allah ameijaalia ardhi nguvu ya sumaku inayoukinga upepo huo na kuupitisha kando, kama jiwe linavyoyagawa maji ya mkondo. Chembe zinazopenya huishia katika hewa ya juu, na karibu na ncha za dunia huiwasha kwa rangi za kijani na nyekundu.

Mara nyengine jua hutema dhoruba kubwa. Mwezi Machi 1989 dhoruba kama hiyo ilikata umeme katika jimbo la Quebec, Canada, kwa saa 9 hivi, na watu milioni 6 wakabaki gizani. Mwezi Mei 2024 ilikuja nyengine kubwa, na mianga ya ncha ikaonekana hadi nchi zilizo mbali na ncha. Kinachodhurika ni nyaya ndefu za umeme, satalaiti, mawasiliano ya redio na GPS. Ndugu zetu wavuvi na manahodha wasiitegemee GPS peke yake. Ama mtu aliyelala nyumbani kwake, simu yake haivuti chembe hizo, na kuizima hakumkingi na chochote.

Kwa hivyo, ndugu zetu, jambo la kwanza ni kuhakiki. Allah ametuamrisha hivyo katika Surat Al-Hujuraat, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametuonya tusisimulie kila tunachokisikia. Anayesambaza ujumbe wa kutisha bila ya kuuhakiki anabeba dhima ya kila aliyemtia hofu, hata kama nia yake ilikuwa njema.

La pili, ilimu ya Qiyama iko kwa Allah peke Yake. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume alilikataa hilo papo hapo, ingawa alikuwa katika msiba, kisha akawaelekeza watu kwenye Swala na dua. Nasi tukiingiwa na hofu, tukimbilie huko, tusikimbilie kitufe cha kusambaza.

La tatu, mtoto akiuliza kuhusu jua na nyota, tusimkaripie. Tumsomeshe, kwani kuzingatia viumbe vya Allah ni katika ibada.

Wa Allahu A'lam.