Mfumo ukigoma, mzigo hulala: Tazama kilicho chini ya hifadhidata

KILA mfanyabiashara aliyevuka Namanga, Malaba au Rusumo anaifahamu kauli hii: “Mfumo umegoma, subirini.” Lori linasimama, nyanya zinaanza kulainika, na dereva anadai posho ya siku nyingine.

Lawama zote huangukia mtandao. Lakini nyuma ya dirisha la forodha kuna hifadhidata, daftari kubwa la kompyuta linalotunza kila tamko la mzigo na kila kodi iliyolipwa. Daftari hilo nalo limekaa juu ya mfumo endeshi, yaani programu mama inayoendesha seva yenyewe. Huo ukiyumba, vyote vya juu yake huyumba.

Forodha za Uganda, Rwanda na Burundi hutumia ASYCUDA World, mfumo wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo. Waliouunda waliufanya uweze kukaa juu ya Windows, Linux au Unix, ili nchi isifungwe kwa muuzaji mmoja.

Busara hiyo inawahusu pia mawakala wa forodha na wenye maduka ya jumla ambao matawi yao sasa yamevuka mipaka, na hesabu zao zimejaa seva nzima.

Jambo la kwanza ni kuanza na hifadhidata. Oracle hukubali Linux, Windows na AIX ya IBM. SQL Server ya Microsoft ilikuwa ya Windows tu hadi toleo la 2017 lilipoanza kukubali Linux. PostgreSQL haina ada ya leseni, na wengi huiweka juu ya Linux.

Pili, piga hesabu yote. Leseni ya Windows Server huhesabiwa kwa idadi ya koa za prosesa, hivyo seva kubwa hugharimu zaidi. Linux yaweza kupatikana bure, lakini fundi wake si wa bure.

Tatu, uliza msaada utaisha lini. Waliochagua CentOS 8, aina ya Linux isiyolipiwa, walitarajia kupata masasisho hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba mwisho ni tarehe 31 Desemba 2021. Wakabaki na takriban mwaka mmoja wa kuhama au kuanza kulipia. Aliyebaki palepale alibaki na seva isiyozibwa tena mianya ya wezi wa mtandaoni.

Nne, na pengine kubwa kuliko yote: nani ataamka saa nane usiku? Mfumo bora duniani hauna faida ikiwa mtu pekee anayeuelewa yuko safarini. Kama mafundi wako wanaijua Windows vizuri, usihamie Linux kwa kusikia sifa tu. Wafundishe kwanza.

Kabla ya kusaini mkataba, fanya jaribio moja. Chagua Jumapili, mwambie fundi achukue nakala ya akiba na airudishe kwenye seva nyingine tupu, nawe ushike saa. Muda atakaotumia ndio muda ambao malori yako yatasimama siku ya balaa. Uzidishe kwa gharama ya lori kwa saa, kisha ndipo ulinganishe bei za wauzaji.