Detekta mpya kiwandani: Hesabu ya mwenye mtaji mdogo wa Zegereni

Mwenye kiwanda kidogo cha kusaga na kufungasha nafaka katika eneo la viwanda la Zegereni, Kibaha, akipokea barua ya mnunuzi inayodai kila pakiti ipitishwe kwenye mtambo wa kugundua chuma, swali linalomkosesha usingizi ni moja. Je, detekta aliyonayo, aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, inatosha, au hana budi kuvunja kibubu na kuagiza ya kisasa?

Detekta inayozungumziwa hapa si ile ya mkononi inayosaka dhahabu Chunya na Geita. Ni lile sanduku lenye tundu katikati, ambalo mkanda wa kiwanda hupita ndani yake ukiwa umebeba pakiti. Mitambo ya namna hiyo ilianza kutengenezwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, na kampuni ya chokoleti ya Mars ilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Kazi yake haijabadilika tangu hapo: kunasa bolti iliyolegea kwenye kinu, kipande cha waya wa chekeche kilichokatika au ncha ya nyundo ya mashine ya kusaga, kabla mlaji hajakiuma.

Kwa mfanyabiashara, hatari si jino la mlaji peke yake. Shehena moja ikirudishwa kutoka bandari ya ugenini huondoka na gharama ya usafiri, malipo ya bandari na mara nyingi mteja mwenyewe. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa mfano, huhesabu kitu kigumu au chenye ncha kali cha urefu wa milimita 7 hadi 25 ndani ya chakula kilicho tayari kuliwa kuwa sababu ya kuchukua hatua dhidi ya bidhaa hiyo. Wanunuzi wakubwa huwa wakali zaidi ya hapo. Mikataba yao mara nyingi hutaka mtambo unase kitufe cha chuma cha kawaida cha milimita 1.5, cha shaba au aluminiamu cha milimita 2, na cha chuma kisichoshika kutu cha milimita 2.5.

Tofauti ya namba hizo tatu ina sababu yake. Ndani ya sanduku mna koili tatu. Ya katikati hutoa mawimbi, na mbili za pembeni huyapokea, zikiwa zimefungwa kwa namna ambayo ishara zake hufutana. Kipande cha chuma kikipita huvuruga mizani hiyo, na mkanda husimama au pakiti husukumwa nje. Chuma cha kawaida huvuruga sana, kwa kuwa kina tabia ya sumaku. Kile kisichoshika kutu huvuruga kidogo tu, na kwa bahati mbaya ndicho ambacho mashine nyingi za chakula hutengenezwa nacho. Waya mwembamba ni balaa zaidi, kwani ukipita umelala upande fulani unaweza kuponyoka hata kwenye mtambo wa bei mbaya.

Wauzaji wa mitambo hupenda kuzungumzia masafa. Detekta za zamani hutumia masafa mamoja, na za kisasa hutumia mengi kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba hapo ndipo maendeleo makubwa yalipo. Lakini faida yake huonekana zaidi kwa bidhaa mbichi, zenye maji au chumvi, kama nyama, samaki, jibini na achari, ambazo zenyewe hutoa ishara inayofanana na ya chuma. Mwenye kusaga mahindi makavu au kubangua korosho hana tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, hivyo asilipie dawa ya ugonjwa asiougua. Wa kuangaliwa kwa makini ni unga ulioongezwa virutubishi, jambo ambalo lilitungiwa kanuni nchini mwaka 2011. Madini ya chuma yaliyochanganywa humo, kutegemea aina yake, huweza kuifanya detekta ipige kelele bila sababu.

Kosa linaloweza kumgharimu mwenye kiwanda bila yeye kujua liko kwenye ukubwa wa tundu. Tundu likiwa kubwa, uwezo wa mtambo hupungua, na mahali dhaifu kuliko pote ni katikati ya tundu. Mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya gunia la kilo 50 ukipitishiwa pakiti ya kilo moja utakosa vipande ambavyo mtambo mdogo wa bei nafuu ungevinasa. Kwa mwenye shida hiyo, dawa inaweza kuwa detekta ya bomba, ambayo hukagua unga ukidondoka kuelekea kwenye mashine ya kufungashia. Tundu lake ni dogo, na mfuko wenye karatasi ya aluminiamu hauisumbui kwa sababu unga haujafungwa bado.

Upande wa hesabu, tuchukue mfano wa kiwanda kinachofunga pakiti 20 za kilo moja kwa dakika. Kwa saa 8 ni pakiti 9,600. Mtambo ukikataa kimakosa pakiti moja kati ya mia, 96 zitafunguliwa na kufungwa upya kila siku. Ikiwa mfuko na kibarua ni shilingi 150 kwa pakiti, hasara ni shilingi 14,400 kwa siku, au 374,400 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Mtambo mpya wa shilingi milioni 30 ungehitaji zaidi ya miaka sita na nusu kurudisha fedha zake kwa njia hiyo peke yake. Hapo mwenye mtaji mdogo afunge pochi. Lakini zikikataliwa nne kati ya mia, hasara hufika karibu shilingi milioni 1.5 kwa mwezi, na mtambo ule ule hujilipa katika muda wa miezi 20 hivi, iwapo utaimaliza kasoro hiyo.

Kuna hasara nyingine isiyoingia daftarini. Mtambo unaosimamisha mkanda kila mara huwachosha wafanyakazi, na dawa wanayoijua ni kupunguza ukali wake mpaka ukae kimya. Kuanzia hapo kiwanda kina sanduku la mapambo. Mwenye mali akitaka kujua kama yamemfika, apitishe mwenyewe vipande vya majaribio katikati ya tundu, bila kutoa taarifa.

Majaribio hayo yana thamani kuliko inavyodhaniwa. Yakifanywa kila saa na mtambo ukashindwa, ni pakiti 1,200 za kuzuiliwa na kukaguliwa upya. Yakifanywa mara moja kwa zamu, ni pakiti zote 9,600, kama bado hazijapakiwa kwenye lori. Mitambo ya kisasa huweka kumbukumbu za majaribio yenyewe, na hiyo huenda ikawa sababu nzuri kuliko masafa. Mkaguzi wa mnunuzi, au wa Shirika la Viwango (TBS) lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, huomba maandishi kwanza.

Kabla ya kuagiza chochote, kuna vitu vya bei ndogo vya kujaribu. Sumaku kali ikiwekwa kabla ya kinu na nyingine baada yake hupunguza kazi ya detekta. Chekeche likaguliwe kila zamu. Umeme unaopanda na kushuka uwekewe stabilaiza. Mtambo nao usikae karibu na chuma kinachotikisika wala mota kubwa. Hilo la mwisho lilimkuta hata Alexander Graham Bell mwaka 1881, alipoletwa Washington na chombo chake kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Chombo kilikuwa kizima, lakini inaelezwa kuwa springi za chuma za kitanda cha mgonjwa zilikichanganya, na risasi haikupatikana.

Kwa anayeona bado lazima anunue, bei ni pana mno: kuanzia maelfu machache ya dola kwa mitambo ya kutoka China hadi makumi ya maelfu kwa ile ya Ulaya. Wakala wa ndani atoe bei kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza fedha za kigeni kwa biashara ya ndani ya nchi. Bei hiyo itaje kifaa cha kusukuma pakiti nje, vipande vya majaribio na fundi wa kuja Kibaha. Malipo ya mwisho yasubiri mtambo upitishe bidhaa ya kiwanda husika, kwenye mkanda wake, kwa zamu nzima.