Maana na Mfano: Njia ya Kukuza Msamiati wa Juu wa Kiingereza katika Vyuo Vikuu vya Kongo

1. Tatizo lenyewe

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kongo hukifikia Kiingereza akiwa tayari na lugha kadhaa. Yule wa Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kisangani huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, kisha husoma na kufanya mitihani kwa Kifaransa. Kiingereza humjia kama lugha ya tatu au ya nne, kwa saa chache za juma. Hata hivyo, mara aingiapo katika utafiti, hukuta kwamba makala mengi ya tiba, madini na uchumi yameandikwa kwa lugha hiyo. Haja imezidi tangu mwaka 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwani mkataba wa jumuiya hiyo wa mwaka 1999 ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano baina ya watu wa nchi zote.

Wengi hukabili haja hiyo kwa orodha: neno la Kiingereza upande wa kushoto, neno la Kifaransa upande wa kulia. Orodha ya namna hii ni nyepesi kuandika na nyepesi kukariri, lakini haifikishi mbali. Tena mara nyingine hupotosha. Kinachohitajika ni maana iliyofafanuliwa, ikifuatwa na sentensi inayoonyesha neno likiwa kazini.

2. Urithi wenye mitego

Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo lahaja ya Kifaransa ilitumika mahakamani na katika nyumba za wakuu. Maelfu ya maneno yaliingia katika Kiingereza kwa mlango huo, hasa maneno ya sheria, utawala na elimu. Mfano ujulikanao sana ni wa ng'ombe: akiwa malishoni huitwa "cow", jina la wenyeji waliomchunga, nyama yake ikifika mezani huitwa "beef", neno lililotoka katika Kifaransa cha mabwana walioila.

Kwa hiyo msomi wa Kongo anao urithi ambao wanafunzi wengi duniani hawana. Maneno magumu ya Kiingereza, yale yanayomtisha mwanafunzi wa Dar es Salaam, kwake huonekana kama nyuso za jamaa. Lakini neno likihama hubadili tabia, na ndugu wawili waliolelewa mbali hawafanani kwa kila jambo. Mifano ifuatayo yatosha kuonyesha hatari.

a) "To ignore": kujua kwamba jambo lipo, kisha kulipuuza. Mfano: "The doctor ignored the fever", yaani daktari aliipuuza homa. Kitenzi cha Kifaransa "ignorer" kwa kawaida humaanisha kutojua. Anayetafsiri kwa kufuata sura ya neno humgeuza mzembe kuwa mtu asiye na habari, na mbele ya baraza la nidhamu tofauti hiyo si ndogo.

b) "Eventually": hatimaye, baada ya muda fulani kupita. Mfano: "The company will eventually pay the villagers", yaani hatimaye kampuni itawalipa wanakijiji. Kifaransa "éventuellement" ni labda, ikitokea. Ahadi ya malipo ikisomwa hivyo hugeuka kuwa uwezekano tu.

c) "To control": kudhibiti, kuwa na uwezo juu ya jambo. Mfano: "The epidemic was controlled", yaani ugonjwa ulidhibitiwa. Kifaransa "contrôler" mara nyingi ni kukagua. Kukagua ugonjwa na kuudhibiti ni kazi mbili, na baina yake kuna maisha ya watu.

d) "Evidence": ushahidi, jambo linalosaidia kuthibitisha. Mfano: "There is no evidence that the water is polluted", yaani hakuna ushahidi kwamba maji yamechafuliwa. Sentensi haisemi kwamba maji ni safi. Kifaransa "évidence" ni jambo lililo wazi lisilohitaji kuthibitishwa.

e) "Billion": katika Kiingereza cha leo ni milioni elfu moja, yaani kile ambacho Kifaransa hukiita "milliard". Kwa Kifaransa "billion" ni milioni milioni moja. Serikali ya Uingereza yenyewe iliacha hesabu ya zamani katika takwimu zake mwaka 1974. Mwanafunzi asomaye ripoti ya madini akikosea hapa, ameizidisha hesabu mara elfu moja.

3. Kiswahili kama shahidi wa tatu

Katika mifano hiyo yote, ugumu uliondoka mara Kiswahili kilipoitwa. Kifaransa na Kiingereza hufanana sura, hivyo neno moja laweza kulificha jingine. Kiswahili hakifanani nazo, na kwa sababu hiyo humlazimisha mwanafunzi kuchagua: kutojua au kupuuza? kukagua au kudhibiti? labda au hatimaye? Asiyeweza kuchagua bado hajalielewa neno, hata kama amelikariri.

Kuna tahadhari moja. Kiswahili cha mijini Kongo kimepokea maneno mengi ya Kifaransa, na hayo yana mitego yake. Mkazi wa Lubumbashi akisema anakwenda kwenye biro, anakwenda ofisini. Mwingereza asikiapo "biro" hufikiria kalamu ya wino. Kwa kazi ya kufafanua maana, basi, yafaa kutumia maelezo kamili ya Kiswahili badala ya neno moja la mkopo.

4. Jinsi maana ilivyofundishwa kufafanuliwa

Sanaa ya kufafanua ina historia yake. Kamusi maarufu ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755, ilikuwa na manukuu mengi ya waandishi, lakini baadhi ya maelezo yake, kama lile la wavu, yalikuwa magumu kuliko kitu kinachoelezwa. Msomaji aliyezaliwa katika Kiingereza aliweza kucheka. Mgeni angebaki gizani.

Mabadiliko yaliletwa na walimu waliofundisha mbali na Uingereza. Michael West, aliyefanya kazi Bengal, alitoa mwaka 1935 pamoja na James Endicott kamusi iliyoeleza maneno yapatayo 18,000 na misemo ipatayo 6,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Huko Japani, A. S. Hornby na wenzake wawili walitayarisha kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, iliyoonyesha jinsi kila kitenzi kinavyojenga sentensi. Mwaka 1948 ilitolewa upya na Oxford. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilijifunga kueleza kwa maneno yapatayo 2,000. Mwaka 1987 kundi la John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham lilitoa kamusi ya COBUILD, ambayo hueleza maana kwa sentensi kamili na kuchukua mifano yake kutoka maandishi na mazungumzo halisi yaliyokusanywa katika kompyuta.

Kanuni inayotokana na kazi hizo ni nyepesi: maelezo yawe mepesi kuliko neno linaloelezwa, na mfano utoke katika matumizi ya kweli.

5. Kazi ya sentensi

Msemaji wa Kiswahili anayo sababu ya karibu ya kuelewa kwa nini maana peke yake haitoshi. Mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga chafya na hupiga hodi, wala hakuna aliyepigwa. Mgeni aliyeandika daftarini kwamba "kupiga" ni kugonga kwa mkono hataelewa hata moja ya sentensi hizo.

Kiingereza kina mambo yale yale. Mvua kubwa ni "heavy", yaani nzito. Chai iliyokolea ni "strong", yaani yenye nguvu. Kosa la jinai hutendwa kwa kitenzi "commit", uamuzi hufanywa kwa "make". Mwanafunzi aliyezoea "dépendre de" huandika "depend of", ilhali sahihi ni "depend on". Naye aliyezoea "discuter de" huongeza "about" baada ya "discuss", kitenzi kisichohitaji kiungo. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloonekana katika orodha ya maneno mawili mawili. Yote huonekana katika sentensi.

6. Daftari la msamiati

Kwa kila neno, mwanafunzi aandike mistari minne: neno lenyewe na aina yake, maana yake kwa Kiswahili chepesi, sentensi aliyoikuta katika kitabu au makala ya somo lake, na sentensi yake mwenyewe. Pale ambapo Kifaransa kina neno linalofanana, aongeze mstari wa tano wa tahadhari. Kisha afunike maana na kujipima kesho yake, baada ya juma moja, na baada ya mwezi.

Asichague maneno kwa sababu tu ni ya ajabu. Baada ya maneno 2,000 ya kawaida, ambayo West aliyakusanya katika orodha ya mwaka 1953, ipo orodha ya Averil Coxhead ya mwaka 2000 yenye jamii 570 za maneno yatumikayo katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Anayejifunza jamii tano kwa siku huimaliza katika siku 114, chini ya miezi minne.

7. Tamati

Chuo chenye maktaba haba hakihitaji kungoja mashine wala mwalimu mgeni ili kuanza kazi hii. Kinahitaji madaftari, kamusi moja nzuri ya wanafunzi kwa kila darasa, na walimu watakaokubali kwamba Kiswahili kina nafasi katika somo la Kiingereza. Lugha ambayo wengi huiacha mlangoni mwa darasa ndiyo inayoweza kumwambia mwanafunzi kama ameelewa au amedhani tu kwamba ameelewa.