Madini Katika Damu na Picha za Nyuklia (Sehemu ya Nne)

Habari za mashine mpya za picha za nyuklia katika hospitali za Nairobi, ambazo magazeti yetu yamezipokea kwa furaha inayostahili, zimenirejesha kwenye galiamu, madini niliyoyapenda tangu ujana kwa sababu yalijulikana kabla hayajaonekana. Mwaka 1871 Mendeleev, mwanachuoni wa Urusi, alikwisha kuyabashiri na kuyakadiria uzani. Na mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran alipoyapata katika mawe ya zinki ya milima ya Pyrenees, akapima akaona uzani wake ni mara 4.7 ya maji, Mendeleev alishikilia kuwa hesabu hiyo haisihi, yapasa ikaribie 5.9. Lecoq akayasafisha upya, akapima, akapata 5.9. Mizani haikuwa na kosa. Kilichopimwa ndicho kilichokuwa na taka.

Somo hilo lawahusu sana wasomao picha za nyuklia. Tangu Edwards na Hayes wa Oak Ridge, Marekani, walipotangaza mwaka 1969 kuwa galiamu-67, aina ya galiamu itoayo mionzi, hukusanyika penye saratani ya tezi za limfu, matabibu huidunga mshipani, wakangoja siku 2 au 3 ndipo wapige picha. Njiani huchukuliwa na transferini, protini iliyo hamali wa damu mwenye nafasi mbili za mzigo, ambaye huumbwa na ini, na ambaye mzigo wake wa asili ni chuma. Basi mgonjwa wa siko seli aliyeongezewa damu mara nyingi, kila chupa ikimwachia chuma cha miligramu 200 au zaidi ambacho mwili hauna njia ya kukitoa, mahamali wake wote wameshikwa. Galiamu ikikosa mchukuzi hutoka upesi kwa figo na kutuama mifupani, na ini, ambalo kwa desturi hung'aa, likafifia. Mwenye ini lililosinyaa naye, mahamali wake ni haba. Kadhalika chembe za teknishiamu zitumikazo kupigia picha ya ini, ambazo ini lenye afya huzimeza, ini likiharibika huelekea wenguni na katika uboho.

Mashine hizi mpya za Nairobi aghalabu hutumia glukosi yenye florini, nayo sukari ikizidi damuni picha huharibika vile vile. Kwa hiyo ni faradhi kwa tabibu, kabla ya sindano, kuuliza na kuandika idadi ya chupa za damu, dawa za chuma na hali ya ini, na kwa mgonjwa kusema kweli, hata kuhusu pombe. Kwani kusoma picha bila kuijua damu ni kuifuja mali ya umma na kumdhulumu mgonjwa.